Jembe, Bunduki na Bahari ya Shungimbili

Shungimbili ni kisiwa kidogo katika bahari ya Mafia, mkoa wa Pwani. Hakuna kambi ya jeshi pale, wala shamba la mpunga. Miaka ya karibuni wageni wamekizoea kwa jina la Thanda, na kwa wavuvi ni alama ya njia na mpaka wa maji wasiyoruhusiwa kuvua. Nimekichagua kwa sababu kaulimbiu za viongozi wetu wa karne iliyopita ziliwasifu zaidi watu wawili, askari na mkulima, na mahali pazuri pa kuzipima sifa hizo ni pale ambapo hakuna hata mmoja wao. Mtu akisimama Dodoma au Mbeya ataziona kaulimbiu hizo zimekamilika. Akisimama ukingo wa Mafia ataona kilichoachwa nje, na kutoka hapo ataanza kuuliza hata waliotajwa walipata nini. Ninachotaka kuonyesha ni hiki: kaulimbiu humheshimu mtu pale tu inapomfunga yule aliyeitamka. Ikimfunga anayesifiwa peke yake, basi ni amri iliyopambwa.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ulitoka ng'ambo ya bahari hii hii. Lal Bahadur Shastri alishika uwaziri mkuu wa India mwezi Juni 1964, baada ya kifo cha Jawaharlal Nehru. Mwaka uliofuata akakumbwa na mambo mawili kwa pamoja: vita na Pakistani, na mvua iliyogoma. India ilikuwa inakula ngano ya msaada kutoka Marekani, na taifa linalosubiri meli ya nafaka haliwezi kupigana likiwa huru. Hapo ndipo Shastri alipotamka maneno manne yaliyomtukuza askari na mkulima kwa pumzi moja: Jai Jawan, Jai Kisan. Wengi hukumbuka maneno hayo na kusahau yaliyofuatana nayo. Aliwaomba Wahindi waache mlo mmoja kwa wiki, na nyumbani kwake ukaachwa kwanza. Aligeuza bustani ya makazi yake rasmi kuwa shamba. Na kabla ya kaulimbiu yenyewe, Januari 1965, serikali yake ilikwisha kuunda shirika la kununua na kuhifadhi nafaka pamoja na tume ya kupendekeza bei za mazao, ili mkulima ajue kabla ya kupanda kwamba hatauza kwa hasara. Shastri alifariki Tashkent tarehe 11 Januari 1966, kwa hiyo hakuishi kupimwa kwa muda mrefu. Lakini utaratibu unaonekana: bei ilitangulia, sifa ikafuata.

Tanganyika ilifika kwenye jambo hilo hilo kwa mlango mwingine. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Walidai mishahara zaidi na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Serikali iliyokuwa na miaka miwili tu ya uhuru ilitikisika, na tarehe 25 Januari Julius Nyerere alilazimika kuita majeshi ya Uingereza kuwanyang'anya silaha askari wake mwenyewe. Aibu ile ndiyo iliyozaa jeshi jipya. Rifles ilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likichukua vijana kutoka Umoja wa Vijana wa TANU na kutoka Jeshi la Kujenga Taifa, lililokuwa limeanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Hilo la mwisho ndilo linalostahili kutazamwa. Kijana wa JKT aliamshwa alfajiri kwa kwata, kisha akaenda shambani. Alijifunza kulenga shabaha na kupalilia mahindi katika kambi moja, chini ya kamanda mmoja. India iliwataja askari na mkulima kama watu wawili wanaostahili salamu moja. Tanzania ilijaribu kuwafanya mtu mmoja.

Wazo hilo lilikuwa limekwisha kuchorwa. Itazame Nembo ya Taifa. Katikati ya ngao kuna mkuki wa kulinda uhuru, na jembe na shoka vimepishana. Miguuni pa mwanamume na mwanamke wanaoishika ngao kuna karafuu na pamba, mazao ya wakulima wa pande mbili za Muungano. Silaha na zana za kazi zimewekwa kwenye ngao moja, pamoja na mwenge, na chini yake kuna mawimbi. Mawimbi hayo tutayarudia, maana ndiyo yanayoigusa Mafia. Kwa sasa itoshe kusema kwamba kabla ya hotuba yoyote ya miaka ya sabini, dola ilikwisha kutangaza nguzo zake: anayelinda na anayelima.

Je, dola ilijifunga? Kwa miaka michache ilijifunga kweli, na haki inadai tuseme hivyo. Mwaka 1966 serikali ilipoamua kwamba wahitimu wa vyuo walitumikie taifa kwa lazima, tena kwa sehemu tu ya mshahara, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu tarehe 22 Oktoba. Karibu mia nne walifukuzwa. Wapo wanaosoma tukio hilo kama ukatili wa mtawala asiyevumilia kupingwa, na hawakosi hoja. Lakini papo hapo Nyerere alikata mshahara wake kwa asilimia 20 na akawataka wakubwa wenzake wafuate. Miezi mitatu baadaye likaja Azimio la Arusha, na masharti ya uongozi yaliyomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni au nyumba za kupangisha. Azimio lilikwenda mbali zaidi pale lilipoonya kwamba mikopo inayojenga hospitali na barabara za mijini hulipwa kwa mazao ya vijijini, na kwamba tusipoangalia, wanyonyaji wakubwa wa nchi hii watakuwa ni sisi wakazi wa miji. Sijui kaulimbiu nyingine ya Afrika ya wakati ule iliyomwambia mkuu wa serikali kwa uwazi namna hiyo kwamba yeye ndiye mdaiwa.

Hata hivyo, Azimio lile lile lilikuwa na mkono wa pili. Lilisema wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, na jambo hilo lilikuwa kweli kabisa. Kisha likawakaripia wanaume wa vijijini kwamba nusu ya maisha yao wako likizo. Mkulima aliinuliwa na kukemewa katika ukurasa mmoja. Karipio hilo lilikua kadiri miaka ilivyokwenda. Mei 1972 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Iringa na kutoa tamko la Siasa ni Kilimo, lililowataka viongozi wote wajifunze kilimo bora na wakifundishe. Ukame wa 1973 na 1974 ulipolazimisha nchi kununua nafaka nje, ikaja Kilimo cha Kufa na Kupona. Sikiliza lugha yenyewe: kufa na kupona, kampeni, operesheni. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na malori yakaanza kubeba watu. Ng'ambo ya pili ya mlango wa Mafia, watu wa bonde la Rufiji walikwisha kuonja operesheni yao mwaka 1969, baada ya mafuriko ya 1968, walipohamishwa kutoka mashamba ya mpunga yaliyorutubishwa na mto na kupelekwa kwenye ardhi ya juu.

Hapo ndipo ninapouona mkasa wa sera nzima. Mkulima alipewa amri ya askari bila posho ya askari. Askari huamrishwa, na hakuna anayeona ajabu, kwa kuwa anayemwamrisha anawajibika kumlisha, kumvika, kumtibu akijeruhiwa na kumzika akifa. Amri na wajibu wa mwenye amri huenda pamoja. Mkulima wa miaka ya sabini aliambiwa apande nini, ekari ngapi, na ajenge wapi, lakini mvua ilipokosekana hasara ilibaki kwake. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika, ambavyo wakulima wa pamba na kahawa walivijenga tangu enzi za ukoloni, vilivunjwa na mamlaka za mazao zikachukua nafasi zao. Mamlaka hizo zilikuwa na gharama kubwa, na gharama ilikatwa kwenye bei ya mkulima. Malipo yalichelewa. Thamani halisi ya kile alichopokea ikashuka, huku mabango yakiendelea kumsifu. Sheria ya kurudisha ushirika ilipitishwa mwaka 1982, na kule kurudisha kulikuwa ni kukiri.

Najua jibu ambalo wengi watalitoa, nalo ni zito. Watasema nchi ilikuwa vitani kweli, kwa hiyo lugha ya vita haikuwa mapambo. Ureno ilikuwa Msumbiji, wapiganaji wa FRELIMO walikuwa na kambi yao Nachingwea, na vijiji vya mpaka wa Ruvuma vilishambuliwa. Idi Amin aliipindua serikali ya Uganda tarehe 25 Januari 1971, na Februari mwaka huo TANU ikatoa Mwongozo uliotaka wananchi wafunzwe mgambo kila mahali, kwa kuwa jeshi dogo peke yake lisingeweza kuilinda nchi kubwa. Mkulima wa Mtwara aliyelima mchana na kulinda usiku hakuwa akicheza ngoma ya mwanasiasa. Nakubali yote hayo. Tena nasema hoja hii inaimarisha yangu. Kama mkulima alikuwa askari wa kweli, basi alistahili deni la kweli. Mwongozo wenyewe ulikataza kiongozi kuwa mwenye majivuno na mkandamizaji. Miaka mitatu baadaye watu walihamishwa bila kuulizwa, na sehemu nyingine nyumba zao zilichomwa wasirudi.

Kisha ikaja vita ya Kagera, na hapo tunaona heshima iliyolipwa inavyofanana. Majeshi ya Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 2 Novemba Nyerere alizungumza katika Ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar es Salaam, akataja mambo matatu ambayo kila Mtanzania aliyekuwa na umri wa kusikia anayakumbuka: sababu, uwezo na nia ya kumpiga Amin. Jeshi lilipanuka haraka kwa kuwaingiza mgambo, JKT, polisi na magereza, yaani kwa sehemu kubwa watoto wa wakulima walioacha majembe. Mikoa ilichanga ng'ombe na nafaka. Malori ya watu binafsi na mashirika yalikwenda mbele. Aprili 1979 Kampala ilianguka. Waliokufa wamelazwa Kaboya, mkoani Kagera, na kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka katika Siku ya Mashujaa, Rais akiweka mkuki na ngao kwenye mnara. Hakuna anayeuliza kwa nini. Deni la askari linatambulika, lina tarehe, lina mahali, lina itifaki.

Ni nani aliyewalisha wale askari kwa miezi ile? Na ni nani aliyelipa baadaye, wakati Nyerere alipowaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na miezi hiyo ikageuka miaka? Foleni za unga na sabuni zilikuwa za mjini. Kijijini hapakuwa na foleni kwa sababu duka lilikuwa tupu. Mkulima alilipia vita ile kwa pamba aliyouza na hakupata kitu cha kununua, na kwa mwana aliyempeleka na hakurudi. Kumbukumbu yake inakuja siku kumi na nne baada ya Mashujaa, tarehe 8 Agosti, Nane Nane. Ni sikukuu ya mabanda na maonyesho ya mbegu na mashine. Ni nzuri, ila hakuna pahala ndani yake ambapo dola inasimama kimya mbele ya mkulima kama inavyosimama mbele ya askari.

Upungufu huu haukuanza na Nyerere. Mafia iliuona katika Vita Kuu ya Kwanza. Januari 1915 Waingereza walikiteka kisiwa kutoka kwa Wajerumani ili wakitumie kama kituo dhidi ya meli ya kivita Königsberg, iliyokuwa imejificha katika matawi ya mto Rufiji. Ndege ziliruka kutoka Mafia kwenda kuelekeza mizinga, na tarehe 11 Julai mwaka huo meli ile ikamalizwa. Vita ikahamia bara, na huko ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi waliokamatwa mashambani. Miongoni mwao waliokufa kwa njaa, kuhara na uchovu walikuwa wengi kuliko askari waliouawa kwa risasi. Mwaka 1927 Dar es Salaam ilisimamishiwa Sanamu ya Askari, na bunduki yake imeelekea bandarini mpaka leo. Maandishi chini yake yanawataja wapagazi pia, lakini shaba imechukua umbo la askari peke yake. Wapagazi walibakiwa na jina la soko, Kariakoo. Mkulima aliyegeuzwa chombo cha vita alikumbukwa nusu, na hilo lilikuwa funzo ambalo dola huru ilipaswa kulisoma.

Sasa turudi kwenye mawimbi ya Nembo ya Taifa. Bahari imo katika ngao, lakini hakuna dema, wavu wala mshipi. Azimio la Arusha lilitaja mambo manne ya kuendelea: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Lilitaja pia kwamba tunaweza kupata samaki wengi kutoka mito, maziwa na bahari, kisha mara moja likarudi kwa mkulima na mazao yake. Samaki alitajwa, mvuvi hakutajwa kama nguzo. Mtu anaweza kunijibu kwamba neno mkulima lilimkusanya kila mzalishaji wa kijijini, na kwamba katika Mafia mpaka kati ya wawili hao ni mwembamba. Ni kweli. Watu wa Jibondo, wanaokaa juu ya mwamba wa matumbawe usiotoa chakula, huvuka kwenda Juani kulima, na hao hao ni mafundi wa vyombo na wavuvi wakubwa. Mwenye minazi Baleni anaweza kuwa na ngalawa Kilindoni. Lakini kukusanywa ndani ya jina la mwingine hakutoshi mtu anapokuja kugawiwa. Tamko lililotaka ekari za chakula na za biashara halikuwa na la kumwambia mtu ambaye shamba lake halina mipaka na mavuno yake huoza jioni ile ile asipopata barafu. Mkulima alikatwa bei. Mvuvi hakuwa na hata mamlaka ya zao ya kulalamikia.

Siku hizi hali imegeuka kwa namna ambayo inalirudisha swali langu kwa nguvu zaidi. Bahari imegunduliwa na wenye madaraka. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilipitishwa mwaka 1994, Hifadhi ya Bahari ya Mafia ikaanzishwa mwaka 1995, na mwaka 2007 visiwa vya Shungimbili, Nyororo na Mbarakuni vikatangazwa kuwa maeneo tengefu. Uvuvi umezuiwa huko ili samaki wazaliane na matumbawe yapone majeraha ya baruti. Mimi ni mtetezi wa uzuiaji huo. Miamba iliyolipuliwa haiwezi kulisha kizazi kijacho, na mvuvi wa mishipi ndiye wa kwanza kufaidika samaki wanapofurika kutoka eneo lililolindwa. Lakini tuseme wazi kilichotokea. Mvuvi ameambiwa aache maji aliyoyavua babu yake, kwa faida ya taifa zima. Katika vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi anaambiwa pia alinde pwani, aripoti baruti na nyavu haramu, akabiliane na watu wenye silaha. Ameambiwa awe mkulima wa bahari asiyevuna na mgambo wake asiyelipwa, kama alivyoambiwa mkulima wa Mtwara miaka ya sabini, na safari hii bila hata kaulimbiu.

Serikali ya Awamu ya Nne ilipoleta Kilimo Kwanza mwaka 2009 ilikuwa na nguzo kumi. Zanzibar chini ya Rais Hussein Mwinyi imeuweka uchumi wa buluu mbele. Bila shaka kaulimbiu nyingine zinakuja, na bahari itakuwa ndani yake, kwa kuwa kuna gesi, utalii na bandari. Sina ugomvi na kaulimbiu. Watu wanaohitaji kuvuka jambo gumu pamoja huhitaji maneno ya kushika, na maneno ya Shastri pamoja na yale ya Azimio yaliwapa watu wa kawaida hadhi ambayo hakuna mkoloni aliyewahi kuwapa. Ninachodai ni mpangilio ule wa India wa 1965: kinacholipwa kitangulie, kinachosifiwa kifuate.

Kwa Mafia dai hilo si gumu kulitimiza. Fedha zinazoingia kwa sababu ya Shungimbili na maeneo mengine yaliyofungwa, viingilio, vibali na kodi, zisomwe hadharani kila mwaka katika mikutano ya vijiji vya wavuvi, Jibondo, Bweni na Kilindoni, kiasi gani kilipatikana na kiasi gani kilirudi kijijini. Anayelinda doria alipwe posho kama mlinzi mwingine yeyote wa mali ya umma. Wizara ya Mifugo na Uvuvi na Halmashauri ya Wilaya ya Mafia waanze na hayo mawili, na yawe yametimizwa kabla mtu yeyote hajapanda jukwaani Kilindoni na kaulimbiu mpya ya bahari.